Mtoto wa Kibondo asigeuzwe mtegua mabomu

Kwa muda mrefu nchi hii imezoea kuviona vita vya majirani kama suala la wakimbizi: watu wanavuka mpaka, wanapokelewa, wanaandikishwa, wanapewa hema na mgawo wa unga, na miaka ikipita wanahesabiwa tena ili warejee kwao. Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, zimeifanya kazi hiyo kwa niaba ya Taifa zima, na zimeifanya kwa uvumilivu ambao Dar es Salaam na Dodoma haziukumbuki ila pale kambi moja inapofunguliwa au nyingine kufungwa. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996. Mtabila ilifungwa Desemba 2012, na Nduta ikafunguliwa upya Oktoba 2015, miezi michache baada ya Bujumbura, nchini Burundi, kuwaka moto. Hayo yanajulikana. Tunalolileta leo mbele ya wasomaji ni kitu kingine kinachotoka vitani, kitu kisichoandikishwa mpakani wala kuomba hifadhi, nacho ni chuma cha vita ambacho baruti yake bado haijalipuka.

Wasomaji hawajaisahau Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara. Novemba 8, 2017 bomu la kutupwa kwa mkono lililipuka shuleni hapo, wanafunzi watano wakapoteza maisha na wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Kwa maelezo ya polisi wakati ule, mwanafunzi mmoja aliliokota akidhani ni chuma chakavu. Alitarajia kuliuza. Kihinga iko Kagera na si Kigoma, na wapo watakaotumia mstari huo wa ramani kusema kwamba jambo hilo haliihusu Kibondo. Lakini Ngara inapakana na Kakonko, na Kakonko ilikuwa sehemu ya Kibondo hadi 2012. Pori ni lilelile, mpaka wa Burundi ni uleule, na mnunuzi wa vyuma anayepita Ngara Jumatatu anaweza kuwa Kibondo Jumatano.

Swali ambalo gazeti hili linaliuliza si nani aliliacha bomu lile porini. Huenda jibu lake lisipatikane kamwe. Swali ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuhakikisha kwamba mtoto wa darasa la kwanza anakijua kitu kile kabla hajakiinua, na kwamba mtu mzima akikiona kabla ya mtoto anajua amwite nani, na kwamba huyo anayeitwa anafika. Wajibu huo una mwenyewe, nao haujatekelezwa kwa kiwango ambacho msiba wa Kihinga ulikidai.

Tuanze na kauli ya Serikali yenyewe. Mara kadhaa wizara yenye dhamana ya mambo ya ndani, kwa kutumia Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, imetangaza msamaha kwa wanaomiliki silaha kinyume cha sheria: mwenye nayo aisalimishe kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya mahali anapoishi, naye hatashtakiwa. Ni utaratibu mzuri, na katika mikoa ya mpakani umeokoa maisha, kwa kuwa bunduki iliyopelekwa kituoni haitateka tena basi kwenye pori la kati ya Kasulu na Nyakanazi. Wakazi wa huko wanazikumbuka siku ambazo basi halikuondoka bila askari wenye silaha kulisindikiza. Hata hivyo bunduki inabebeka salama, na kombora halibebeki hivyo. Raia mwema wa Mabamba, mpakani Kibondo, akilikuta kombora lililozama nusu ardhini pembeni ya shamba lake la mihogo, kisha akautii wito wa msamaha neno kwa neno, atalichimbua, atalifunga nyuma ya baiskeli na kulipeleka kwa mtendaji wa kijiji. Atakuwa ametii sheria, na anaweza kuwa amejiua pamoja na mtendaji na wote waliokuwa kwenye foleni ya ofisi ile.

Hapo ndipo penye kosa. Kauli moja ya Serikali inasema leta, na kauli nyingine, ile ambayo kila mtaalamu wa milipuko duniani huanza nayo, inasema usiguse. Ya kwanza imetangazwa redioni, kwenye mikutano ya hadhara na misikitini na makanisani. Ya pili husikika baada ya mazishi.

Sasa jambo hili linaelekea kuwa zito zaidi, na ndiyo sababu ya tahariri hii. Vita vya Maziwa Makuu vimeacha kuwa vita vya mapanga na bunduki kuukuu. Agosti 28, 2013 Meja Khatibu Mshindo wa Jeshi la Wananchi aliuawa kwa kombora karibu na Goma, akiwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichokuwa kikipambana na waasi wa M23. Aprili 2024 Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC) ilitangaza vifo vya askari watatu wa Tanzania, walioangukiwa na kombora la mota karibu na kambi yao mashariki ya Kongo. Mei 3 mwaka huohuo mabomu yaliangukia kambi ya waliokimbia makazi yao Mugunga, nje kidogo ya Goma, yakaua raia waliokwisha kukimbia vita mara moja. Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, makombora yalivuka hadi Rubavu, upande wa Rwanda, na kuua watu waliokuwa nyumbani kwao. Mota, silaha ya kurusha kombora juu sana ili lidondoke nyuma ya kilima, imekuwa silaha ya nchi za milima, na nchi ya milima inaanzia Kivu, inapita Burundi na kuingia Kibondo bila kuuliza bendera.

Na mota yenyewe inabadilika. Kwa miaka mingi kombora la mota nzito, ya milimita 120, lilirushwa kwa makisio. Takwimu za Jeshi la Marekani zilionyesha kwamba yakirushwa kwa umbali wa mwisho bila kuongozwa, nusu ya makombora hudondoka nje ya duara la mita zaidi ya 130 kutoka kwenye shabaha. Na mita 130 katika kijiji cha Waha, wenyeji wa Kigoma, ni nyumba ya jirani, na ya jirani yake, na kisima, na zahanati. Likaja wazo la kuliongoza. Wasovieti walitangulia: katika miaka ya 1980, huko Afghanistan, walitumia kombora la milimita 240 lililoitwa Smelchak, lililofuata mwanga wa leza. Wamarekani walipeleka Afghanistan mwaka 2011 kombora la milimita 120 linaloongozwa na setilaiti, lililotakiwa kuangukia ndani ya mita 10. Israeli ilitangaza kwamba Oktoba 2023, huko Gaza, ilitumia kwa mara ya kwanza vitani kombora lake la mota la Iron Sting, lenye uwezo wa kuongozwa kwa leza na kwa setilaiti. Kilichokuwa cha mataifa makubwa miaka 40 iliyopita sasa kinauzwa kwenye maonesho ya silaha, na kinachouzwa huko, kama historia ya ukanda huu ilivyotufundisha mara nyingi, hatimaye hufika kwetu, kwa mlango wa mbele au kwa mlango wa uani.

Utetezi wa silaha hizi haupaswi kupuuzwa, na gazeti hili halitaupuuza. Jeshi linaloweza kuliangusha kombora moja juu ya mzinga wa adui, badala ya makombora 30 juu ya kijiji kinachouzunguka mzinga huo, limepunguza vifo vya wasiohusika, na wajibu wa kupunguza vifo hivyo umeandikwa katika Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva, si kama hisani bali kama sheria. Askari wetu waliokufa kwa makombora ya mota mashariki ya Kongo walikuwa na haki ya kulindwa kwa zana zinazoweza kumnyamazisha mrushaji haraka, na familia zao hazihitaji kuhubiriwa amani na mhariri aliyeketi kivulini. Jeshi linalotumwa nje kwa jina la Tanzania lina haki ya kudai zana bora, na Bunge lina wajibu wa kulisikiliza.

Hata hivyo, usahihi una mipaka ambayo wauzaji hawaitaji. Kombora la leza halioni, linafuata. Ni lazima awepo mtu, au ndege isiyo na rubani, wa kuimulika shabaha kwa mwali usioonekana kwa macho mpaka kombora litue, na jicho lililo kwenye pua ya kombora liupate mwali huo unaporudi kutoka kwenye shabaha. Ukungu ukishuka, moshi ukitanda au vumbi likiinuka, jicho hilo linapofuka. Na aliyewahi kuamka alfajiri ya Machi kwenye vilima vya Kasulu haambiwi ukungu ni nini. Zaidi ya hapo, kombora hufika pale palipomulikwa. Likimulikwa jengo ambalo mtoa habari alidanganya kuwa ni ghala la waasi, litalipiga jengo hilo kwa usahihi wote, na waliomo humo watakufa kwa usahihi wote. Hakuna anayeweza kusema kwa uso mkavu kwamba vita vya Gaza viliwanusuru raia kwa kuwa mota ilikuwa na leza.

Lakini kwa Kibondo na Kasulu, mbali na uwanja wa vita, leza wala si kiini cha jambo. Kiini ni fyuzi.

Fyuzi ni kifaa kidogo kinachoamua lini na kama kombora litalipuka. Kombora likiwa ghalani, fyuzi imelala: kuna pini, kuna kizuizi kinachotenganisha kiwashio na baruti, na mara nyingi kuna zaidi ya kizuizi kimoja, ili sanduku likidondoka kutoka kwenye lori pasitokee msiba. Kombora linaporushwa, msukumo wa ghafla wa kutoka kwenye bomba hufungua kizuizi cha kwanza. Safari ya angani hufungua kinachofuata. Likifika mwisho wa safari, vizuizi vimekwisha kuondoka na kiwashio kimekaa mkabala na baruti. Kuna fyuzi za kulipuka likigusa tu, kuna za kuchelewa kidogo ili kombora lizame kwanza ndani ya handaki, na kuna za kulipuka juu ya ardhi kabla ya kugusa. Zote zimetengenezwa na binadamu, na baadhi hukwama: udongo ulikuwa laini mno, kombora lilitua kwa ubavu, fyuzi ilikuwa imezeeka ghalani, fundi alikuwa amechoka siku ile kiwandani. Kombora la namna hiyo si salama kuliko lile la ghalani kwa sababu tu halikulipuka. Ni mtego uliokwisha kutegwa, na hakuna awezaye kujua kwa kulitazama limebakiza nini lifyatuke.

Na kombora linaloongozwa, likikwama, linabaki kuwa kombora lililokwama. Ubora wa jicho lake hauipunguzii baruti yake chochote. Tena lina ubaya wake wa ziada, usiozungumzwa na wanaolisifu: lina betri, lina nyaya za shaba, lina kioo, lina mapezi ya chuma kizuri. Kombora la kizamani lilikuwa pande la chuma lenye kutu ambalo mwenye busara angeliruka. Hili jipya linavutia. Mtoto anayeokota vyuma ataliona kuwa na thamani zaidi, na fundi redio wa mjini atataka kulifungua ajue ndani mna nini.

Biashara ya chuma chakavu ndiyo njia ambayo kitu hiki hutembea, na hapa inafaa kutazama kwa karibu. Mnunuzi anakuja na baiskeli au bodaboda, kiroba na mzani wa kuning'iniza. Anapima kwa kilo, analipa papo hapo, haandiki jina la muuzaji. Watoto ni miongoni mwa wauzaji wake, kwa kuwa wao ndio wenye muda wa kuzunguka mabondeni na kwenye mahame ya kambi za zamani. Kombora la milimita 120 lina uzito wa zaidi ya kilo 12. Kwenye mzani ule, kwa mtoto ambaye daftari lake limejaa na jipya halijanunuliwa, hizo ni fedha. Nchi ina utaratibu wa vibali kwa wafanyabiashara wa chuma chakavu chini ya taasisi ya Serikali inayosimamia mazingira, uliowekwa kwa ajili ya mazingira na kuzuia wizi wa miundombinu: mifuniko ya mitaro, nyaya za umeme, alama za barabarani. Ni sababu njema. Lakini utaratibu unaoilinda nguzo ya umeme kuliko unavyomlinda mtoto anayepima chuma umepangwa kwa mpangilio wa vipaumbele ambao hakuna kiongozi angethubutu kuutetea mbele ya wazazi wa Kihinga.

Wapo watakaosema msiba wa kujitakia hauna kilio: wazazi wawachunge watoto wao. Hoja hii ina nusu ya ukweli, na tunaikubali nusu hiyo. Mzazi ana wajibu. Ila mzazi hawezi kumwonya mtoto kuhusu kitu ambacho yeye mwenyewe hajawahi kuonyeshwa hata kwa picha. Mwalimu wa shule ya msingi Kasulu ana mabango ya malaria na ya kunawa mikono. Bango la kombora, la bomu la mkono na la fyuzi iliyong'oka linapaswa kuning'inia ukutani mwa kila shule ya wilaya za mpakani, na gharama yake ni karatasi na wino.

Wengine watasema kwamba wakimbizi ndio waliozileta silaha, kwa hiyo dawa ni kuwaondoa. Tunalikataa hilo. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1990 watu wenye silaha walijificha miongoni mwa waliokimbia, na ni kweli kwamba hali hiyo ilifikia kiasi cha kupelekwa polisi wa ziada makambini kwa gharama zilizochangiwa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR. Wenyeji waliovamiwa usiku hawakuota. Lakini mama aliyevuka Mabamba na watoto wawili na sufuria hakubeba kombora la kilo 12, na kumwondoa leo hakutachimbua kilichofukiwa porini mwaka 1997. Silaha ilipita kwa wenye silaha na kwa wachuuzi waliowauzia, na baadhi ya wachuuzi hao hawakuwa wakimbizi. Zaidi ya hayo, mkimbizi anayeogopa kufukuzwa ndiye wa mwisho kwenda kuripoti alichokiona akiokota kuni. Sera ya vitisho inaziba midomo ya watu wale wale ambao macho yao yanahitajika.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, na ndiyo inayotolewa kwa sauti ya chini: kwamba mambo ya silaha ni siri ya ulinzi, na kuyajadili hadharani ni kumsaidia adui. Gazeti hili linaheshimu siri ya ulinzi pale inapomlinda raia. Hatuhitaji kujua jeshi lina makombora mangapi wala ya aina gani. Lakini nchi hii imekwisha kulipa gharama ya siri inayomlinda mtunza ghala badala ya jirani wa ghala. Aprili 29, 2009 maghala ya silaha ya kikosi cha jeshi cha 671 KJ yalilipuka Mbagala, Dar es Salaam. Februari 16, 2011, kabla hata miaka miwili haijatimia, yakalipuka ya 511 KJ Gongo la Mboto. Katika kila msiba walikufa watu zaidi ya 20, na makombora yaliruka hadi kwenye nyumba za watu ambao hawakuwahi kuulizwa kama wako tayari kuishi nayo. Baada ya msiba wa kwanza wananchi waliambiwa watulie. Baada ya wa pili waliuliza, kwa haki kabisa, somo la ule wa kwanza lilikwenda wapi. Risasi na makombora huzeeka. Baruti hubadilika kwa joto na unyevu, na fyuzi huchakaa. Wajibu wa dola juu ya kombora unaanza siku linaponunuliwa na hauishi mpaka siku linapolipuka panapotakiwa au kuteketezwa kwa utaratibu. Umoja wa Mataifa uliliweka hilo kwenye mwongozo wa kimataifa wa kusimamia risasi na makombora, uliopitishwa na Baraza Kuu Desemba 2023. Mbagala na Gongo la Mboto zilikuwa zimekwisha kulisema.

Tunayasema haya kwa sababu hoja ya uwezo haipo. Tanzania si nchi isiyojua kazi ya mabomu. Iliridhia Mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya ardhini mwaka 2000, na ikaiteketeza akiba yake mwaka 2004. Morogoro, kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku wanafundishwa na shirika la APOPO kunusa baruti iliyofukiwa. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Cambodia kwa takriban miaka mitano na kupewa nishani ya dhahabu ya ushujaa mwaka 2020 na taasisi ya Uingereza. Nchi inayomtuma panya wake avuke bahari kuwaokoa watoto wa Cambodia haiwezi kudai haina njia ya kumfikia mtoto wa Kibondo. Kinachokosekana ni amri ya mtu mmoja mwenye mamlaka kwamba kazi hii ni ya ofisi fulani, na kwamba ofisi hiyo itaulizwa.

Kwa sasa ni ya wote, yaani si ya mtu. Polisi wanasubiri jeshi kwa kuwa kombora ni zana ya jeshi. Jeshi linasubiri taarifa ya polisi kwa kuwa tukio liko uraiani. Halmashauri inasubiri maelekezo ya Kamati ya Usalama ya Wilaya, na Kamati inasubiri mkoa. Wakati huo kijana wa sungusungu amesimama pembeni ya kitu kile tangu asubuhi akiwazuia watu kwa fimbo, na jioni ikifika naye ana ng'ombe wa kurudisha zizini. Anaondoka. Usiku mnunuzi wa vyuma anapita.

Wajibu unataka ukomo wa kusubiri huko. Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Usalama, awe na namba moja ya simu inayojulikana hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji cha mwisho, na upande wa pili wa namba hiyo kuwe na mtaalamu wa kutegua milipuko aliyewekwa Kasulu au Kibondo, si anayesafiri kutoka mbali siku mbili baada ya taarifa. Tangazo la msamaha wa silaha libadilishwe maneno kabla halijatolewa tena: bunduki isalimishwe, kombora na bomu visiguswe, viwekewe alama na vitolewe taarifa, na mtoa taarifa wa kombora apate ulinzi uleule wa kutoshtakiwa, awe raia au mkimbizi. Maneno hayo yasemwe kwa Kiswahili, kwa Kiha na kwa Kirundi. Redio zipo: Radio Kwizera ya Ngara ilianzishwa na Wajesuiti mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi na inajua kuzungumza na watu wa mpakani. Kibali cha mnunuzi wa chuma chakavu katika wilaya hizi kiwe na sharti la kutonunua kwa mtoto na la kusimamisha mzani na kupiga simu anapoletewa kitu chenye mapezi au kichwa cha kuzungushwa, na anayevunja sharti anyang'anywe kibali.

Kuhusu silaha zenyewe, Serikali haiwezi kuwaamuru majirani wanunue nini. Inaweza, katika vikao vya SADC na vya Jumuiya ya Afrika Mashariki ambako inakaa na wanaopigana na wanaowapa silaha wanaopigana, kudai kwamba kila anayerusha kombora zito, liwe na leza au lisiwe nayo, aweke kumbukumbu ya alikorusha na aikabidhi baada ya mapigano ili eneo lisafishwe. Ni dai dogo. Jeshi lenye kombora linaloongozwa linajua kwa hakika lilimulika wapi. Haliwezi kujisifu kwa usahihi wakati wa kupiga, kisha likadai halikumbuki wakati wa kusafisha. Na iwapo siku moja zana za namna hii zitaingia katika maghala yetu, Bunge lisiziidhinishe kwa bei ya kununulia peke yake. Liulize na bei ya kuzitunza, ya kuzipima fyuzi zake kila baada ya muda, na ya kuziteketeza zikizeeka. Mbagala ililipa bei hiyo bila kuulizwa.

Mkutano wa bajeti wa Bunge utafika kama unavyofika kila Aprili, na wizara mbili, ya ulinzi na ya mambo ya ndani, zitasimama kwa siku tofauti kuomba fedha. Wabunge wa Kigoma watapongeza barabara ya lami ya kutoka Kasulu hadi Nyakanazi, na wana haki ya kuipongeza. Kabla ya kuunga mkono hoja, wamtake kila waziri ajibu kwa majina na si kwa matumaini: mtaalamu wa kutegua milipuko kwa wilaya za Kibondo, Kakonko na Kasulu amewekwa kituo gani, anatumia gari gani, analipwa kutoka fungu la wizara ipi, na ni shule ngapi za mpakani zimekwisha kupata bango. Waziri asiye na jibu asipewe fedha anazoomba mpaka arudi nalo.